Ufunguo wa Mjomba

Wanawake wa Hongyawan hawakuwa wakipanda mapangoni kutazama. Kutazama ni kazi ya wageni, wanaokuja na kofia zao pana, wakasimama mbele ya masanamu ya Budha yaliyochongwa jabalini na kusikitikia vichwa vilivyokatika. Wanawake wa Hongyawan walipanda kuomba, na baadaye kulipia walichoomba. Ndiyo maana goti la Mama Guanyin, mungu wa huruma, katika pango la tatu, liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, ilhali uso wake, ambao hakuna mkono ulioufikia, ulikuwa umeliwa na upepo hata hujui kama anacheka au analia.

Yan Cuilan alilijua goti lile kuliko goti lake mwenyewe. Alilishika akiwa mwari aliyeolewa juzi, akalishika tena alipozika mtoto wa kwanza, na wa pili. Wa tatu alipozaliwa mzima, akipiga kelele za kuamsha mtaa, hakungoja kuambiwa. Alimfunga mgongoni akampandisha pangoni akiwa bado ananyonya, akamkabidhi kwa Mama.

Mtoto wa namna hiyo, aliyekuja baada ya wenzake kuondoka, haachwi hivihivi. Hutolewa awe mwana wa kulea wa Guanyin, na kufuli hufungwa kwenye mnyororo uliozunguka miguu ya sanamu, ili asichukuliwe tena. Wake Cuilan alimwita Suozhu, yaani aliyefungwa akafungika. Mtoto wa kufuli akifika miaka kumi na miwili, mama yake humwalika mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama, kwa mikate ya mvuke iliyotiwa nukta nyekundu. Mjomba huja na ufunguo, ambao huwa ameutunza yeye miaka yote, hulifungua kufuli, na hapo mtoto hutimua mbio kushuka ngazi, avuke daraja, mpaka nyumbani, bila kugeuka. Wala hakuna ruhusa ya kumwita. Akiitwa akageuka, Mama atadhani bado anataka kubaki. Mama mzazi hatakiwi hata kuligusa kufuli, maana mkono wa mama, walisema wazee, haujui kufungua. Unajua kushika tu.

Suozhu hakufika kumi na miwili.

Na mtoto aliyekufa kabla ya kufunguliwa haingizwi makaburini kwa ukoo. Walimfukia kando ya korongo, bila tuta wala jiwe, na mvua za mwaka uliofuata zikapasawazisha pale hata Cuilan asiweze kusema ni hapa au ni pale. Kilichobaki ni kufuli. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya nane ya mwezi wa nne, siku ya kuzaliwa Budha, kabla hajatandaza meza yake ya biashara chini ya ngazi, alipanda na chupa ya mafuta ya kitani, akachovya kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akalipaka kufuli la mwanawe asiliguse kwa kidole. Huku akipaka, alikuwa akizungumza.

"Suo, mdogo wako amejifungua wa pili. Baba yako tulimzika kabla ya theluji. Mimi mgongo tu."

Kulikuwa na waliomshauri amwite mjomba mtu alifungue tu, mtoto apate kwenda zake akazaliwe kwingine, si kukwama mlangoni. Cuilan alijibu, "Mwakani." Mwakani ikazaa mwakani. Wao walidhani ni kwa sababu hasemi na kaka yake, mjomba mwenye ufunguo. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu nyingine hakumwambia mtu: kufuli likiwa limefungwa, mtoto yupo. Mwenye mtoto aliyepo hana haraka.

Mwaka huo, siku tatu kabla ya sikukuu, kipaza sauti cha kijiji kilikoroma juu ya nguzo, kikakohoa, kikatangaza. Mapango yanatengenezwa. Kutu ya vyuma na moshi wa ubani vinaharibu michoro. Mnyororo na makufuli yote vitaondolewa jioni ya sikukuu, vipelekwe ghala la wilaya. Mwenye lake aje alifungue mapema.

Mama Pang, jirani yake anayeuza pilipili ya kusaga, aliingia uani bila kubisha.

"Umesikia?"

"Mimi si kiziwi, ni maskini tu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakoroga jeli. Sikukuu imefika." Alikuwa amesimama juu ya sufuria, akizungusha uji wa ngano nyeusi ambao ukipoa huganda, ukakatwa vipande na kumwagiwa siki na pilipili. Uji ule ukiuacha kidogo tu, unashika chini.

"Nakuuliza la kufuli unanijibu la jeli! Cuilan, watamtupa mwanao ghalani na mabati. Ndivyo unavyotaka, akalale na mabati?"

Mwiko ulisimama. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Mjomba ni mmoja," Mama Pang alisema, sauti imeshuka. "Hauzwi sokoni ukasema utanunua mwingine. Nenda."

Kaka yake, Dehou, aliishi ng'ambo ya mto. Ukisimama kwenye ua wa Cuilan asubuhi, unauona moshi wa jiko lake. Mto wenyewe wakati wa kiangazi mbuzi huuvuka asilowe tumbo. Lakini miaka thelathini Cuilan hakuuvuka.

Dehou alikuwa fundi wa vyombo. Alizunguka vijijini na punda wake akiziba sufuria na kuzitia mipini mipya, na wakati wa likizo alimchukua Suozhu, ambaye alipenda kupuliza mivukuto kuliko kula. Siku moja ya kiangazi walikuwa wakivuka korongo kavu, jua linawaka, na mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani bila wao kujua. Maji ya matope yalikuja kama ukuta. Watu waliokuwa juu ya kingo walimwona Dehou katikati, ameshika hatamu ya punda, anavuta, anapotea, anaibuka, anavuta. Punda alitoka. Suozhu walimpata jioni, chini kabisa, korongo linapokutana na mto.

Walipokuwa wakipigilia misumari sanduku dogo, Dehou alikuja akapiga magoti. Cuilan alimtazama, akasema mbele ya watu wote maneno mawili.

"Ulimshika punda."

Ulimi hauna mfupa, lakini wake siku ile ulimvunja mtu. Dehou aliinuka, akaondoka, na hakukanyaga tena Hongyawan.

Sasa Cuilan alivuka daraja akiwa na kikapu cha mikate ya mvuke iliyotiwa nukta nyekundu, kama mama wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Wifi yake, Runzhi, alikuwa uani anaanika tambi kwenye kamba. Alimwona, akaendelea kuanika mpaka tambi zikaisha.

"Wifi. Umepotea njia au umetumwa?"

"Sikupotea."

"Basi karibu. Chai nilikuwekea tangu mwaka ule, labda imepoa kidogo."

Dehou alikuwa juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini, amefunikwa blanketi miguuni. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kulia. Mkono ule uliowahi kunyoosha chuma ulikuwa umejikunja kifuani kama mguu wa kuku. Cuilan hakuwa ameambiwa. Au aliambiwa, akajifanya hakusikia.

"Dada," alisema Dehou.

"Hou."

Walikaa. Runzhi akaweka vikombe, akavipanga upya, akavipanga tena.

"Umezeeka," Dehou akasema.

"Na wewe umekuwa kijana?"

Akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Cuilan akakisukuma kikapu kidogo kuelekea kwake, na macho ya Dehou yakaangukia kwenye nukta nyekundu, yasibanduke hapo.

"Wanaondoa makufuli," Cuilan alisema.

"Nimesikia. Kipaza sauti chenu kinatufikia hata tusipotaka."

"Ufunguo..."

Kwa mkono wa kushoto Dehou alivuta uzi kutoka ndani ya shati. Ufunguo wa shaba, bapa, uling'aa kwa jasho la miaka.

"Huo!" Runzhi alidakia. "Hospitali walitaka wamvue wamwingize kwenye mashine, akakataa nusura afe. Nikawaambia madaktari, mwacheni huyo, hapo shingoni kamweka mke wa pili."

"Hukuja hata mwaka mmoja," Cuilan alisema, na sauti yake haikutoka kama alivyoipanga njiani.

"Mjomba hajialiki, dada. Huitwa." Akachukua mkate mmoja, akaushika tu, asiule. "Nimengoja kuitwa."

Siku ya sikukuu Runzhi alimpakia mumewe kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, akamketisha juu ya gunia la pumba. Chini ya jabali palikuwa pamejaa watu, moshi wa ubani, watoto wenye nyuzi nyekundu shingoni, wauza mishumaa wakigombana. Meza ya Cuilan haikuwepo. Wateja wake wa kila mwaka walimwona akipita na kaka yake kwapani, wakampisha.

Ngazi za Hongyawan zimechongwa kwenye jiwe lenyewe, nyembamba, zimelika katikati kama kijiko. Mtu mmoja hupita. Cuilan alitangulia akimvuta, Runzhi akasukuma nyuma.

"Nyanyua mguu. Mwingine. Haya, baba, usinikalie kichwani!" Runzhi alihema. "Ulipokuwa unanichumbia ulipanda hapa unaruka kama beberu."

"Nilikuwa nakudanganya."

Walifika kwenye kibaraza cha kwanza, penye Budha aliyelala ambaye wauza mishumaa humwekea vikapu vyao ubavuni. Hapo Dehou alikaa. Walimngoja. Walimwinua. Mguu ukaburuzika, goti likaanguka, na mara ya tatu alilia kwa maumivu hata watu wa juu wakachungulia.

"Mguu umekataa, dada."

"Panda mgongoni kwangu."

"Utaniua, nawe ujiue."

"Panda!" Alikwisha inama. "Hujafika hata nusu. Yule kule juu, atashushwa leo hii, panda!"

"Siwezi."

Cuilan alinyooka. Mambo aliyokuwa ameyameza tangu alipovuka daraja yalipanda yote kwa pamoja. "Huwezi! Siku ile uliweza. Punda mzima, na maji yamekufika kidevuni, ulimvuta ukamtoa. Mguu haukukataa siku ile."

"Wifi!" Runzhi alisema.

"Mwache." Dehou alikuwa anatazama mkono wake uliokunjamana. Maneno yake siku hizi yalitoka polepole, moja moja, kama mtu anayeokota punje. "Alikuwa juu ya punda. Nilipoona maji nilimrusha juu, nikamwambia, kumbatia shingo, usiachie. Nikashika hatamu. Matope yalinijaa macho, sikuona kitu. Nilisikia uzito tu. Nikasema, huu uzito ndiye yeye. Nikavuta. Nilivuta, dada. Nilipofika kingoni nikafuta macho, na punda alikuwa na mgongo mtupu." "Sikumshika punda. Nilimshika yeye. Ila hakuwepo."

Waumini walikuwa wakiwapita, wakigeuza mabega kupata nafasi, wakinong'ona dua zao.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikwisha sema wewe. Sanduku lilikuwa linapigiliwa. Nianze kubishana na mama aliyefiwa?" Akajifuta mdomo. "Halafu, mara nyingine, hata mimi nilikuwa siamini. Najiuliza, ulijua, Dehou, ulijua uzito umepungua ukaendelea kuvuta."

"Nilitaka kuja nikwambie," Runzhi alisema kwa ukali, akitazama pembeni. "Mwaka wa kwanza, wa pili. Akaniapisha. Mimi na kiapo changu, nyinyi na kiburi chenu, tumezeeka."

Cuilan akageuka akapanda peke yake, haraka kuliko umri wake, akishika ukuta wenye vibudha vidogo vidogo visivyo na vichwa, ambavyo kila kimoja aliwahi kukiomba kitu.

Katika pango la tatu walikuwapo mafundi wenye kofia ngumu, na msichana wa ofisi ya mambo ya kale, barakoa usoni, brashi mkononi. Miguuni pa Mama hapakuwa na kitu. Pale mnyororo ulipokuwa umelala vizazi na vizazi pamebaki mstari mweupe kwenye jiwe, kama kifundo cha mguu kilichovuliwa kikuku.

"Mlisema jioni," Cuilan alisema.

"Bibi, nisamehe, wingu limeonekana, wakaogopa kamba zisije zikalowa." Msichana alivua barakoa. Alikuwa mdogo, pengine umri wa mjukuu. "Tumeukata mnyororo tu, kufuli hata moja hatukulivunja. Yamo kwenye kreti ile, ndiyo inashushwa sasa hivi. Lipo lako?"

Cuilan aliweka kiganja kwenye goti la Mama. Lilikuwa vuguvugu kwa mikono ya waliomtangulia. Mwaka huu hakuwa na habari ya kumpa mtu, wala mtu wa kumpa. Alitazama juu, kwenye uso ule ulioliwa, akaona kwa mara ya kwanza kwamba haukuwa ukicheka wala kulia. Haukuwa na macho tu.

Kreti ilishuka kwa kamba mpaka kibaraza cha kwanza, na mafundi wakasimama hapo kubadilisha vifundo. Cuilan alipofika alikuta Runzhi amekwisha gombana nao, akashinda, na kreti ilikuwa chini mbele ya Dehou. Makufuli ya chuma yalikuwa yameshikana kwa kutu, tonge moja jekundu. Dehou aliingiza mkono wa kushoto, akapekua kama anayetafuta kitu ndani ya maji.

"Huyu hapa samaki wangu."

Kufuli lile alikuwa amelifua mwenyewe, kutokana na upawa wa shaba uliovunjika, umbo la samaki, kwa kuwa samaki hafumbi macho hata akilala. Lilikuwa la kijani mgongoni, lakini tumboni, pale kitambaa cha Cuilan kilipofika kila mwaka, bado lilikuwa la dhahabu.

"Nishikie," Dehou akasema. "Mkono mmoja hautoshi."

"Mama hagusi."

Wote watatu wakatazamana. Kisha Cuilan akavua kitambaa cha kichwani, nywele zake nyeupe zikapeperuka, akakizungushia kufuli na kulishika.

"Sijaligusa mimi. Kimegusa kitambaa."

"Mama amekaa jabalini miaka yote hiyo," Runzhi alisema, "unadhani hajui kitambaa na mkono?"

"Nyamaza, mke wangu," Dehou akasema kwa upole.

Cuilan akamimina mafuta ya kitani kwenye tundu, yakachuruzika kwenye kitambaa. Ufunguo uliingia kidogo, ukakwama. Dehou akautoa, akaupangusa kwenye suruali, akaurudisha. Mkono wa kushoto ulitetemeka. Cuilan alihisi mtetemo ule ukipita kwenye shaba na kitambaa mpaka kwenye vidole vyake, na kwa muda mfupi alitamani, mbele ya miungu yote, kwamba lisifunguke.

Likafunguka. Hata halikupiga kelele. Samaki alitengana vipande viwili, kichwa huku, mkia kule.

Wanawake waliokuwa ngazini walikuwa wamesimama wanaangalia. Mama Pang alikuwa miongoni mwao na ndoo yake ya pilipili. Yeye ndiye aliyeanza: alijibana ukutani, akavuta sketi yake isizuie. Aliyekuwa chini yake naye akajibana, na wa chini yake, mpaka mwisho wa ngazi, wauza mishumaa wakaondoa vikapu, na umati uliokuwa uwanjani ukagawanyika, huku na huku, ikabaki njia nyeupe tupu kuelekea darajani, upana wa mtoto mmoja. Watoto wenye nyuzi nyekundu walishikwa midomo wasiite.

Mdomo wa Cuilan ulikuwa wazi, na jina lilikuwa limekwisha fika kwenye meno. Dehou akauegemeza ule mkono wake mbovu begani pa dada yake.

"Dada. Usimwite."

Cuilan akajaza kitambaa kinywani, akakiuma. Ladha ya mafuta ikamjaa.

Waliitazama njia. Vumbi liliinuka kidogo pale penye kona, likatua.

"Amefika wapi?" Dehou aliuliza kwa kunong'ona.

Cuilan alitoa kitambaa mdomoni. "Darajani. Unamjua. Lazima atasimama kutupa jiwe majini."

"Basi tumngoje."

Wakangoja. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka juu ya kreti, mafundi wakaangaliana, lakini hakuna aliyeishika kamba. Hakuna aliyekanyaga njia ile mpaka Cuilan alipojifunga kitambaa chake kilicholowa, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Amefika," alisema.